Spika ndogo za kusikiliza kwa karibu usiku, sauti ya mtu isikike kama ya mtu

Kabwe_Usiku (Mbeya)

Habari za jioni wakuu. Natafuta spika mbili ndogo za kusikiliza kwa sauti ya chini nikiwa nimekaa karibu nazo, sentimita 70 hadi 90 hivi. Chumba ni cha kupanga huku Soweto, mita 3 kwa 3.6, sakafu ya vigae, dari ya jipsamu, dirisha moja lenye pazia jepesi. Na jirani tumetenganishwa na ukuta mmoja tu wa tofali, kwa hiyo kuanzia saa nne usiku kelele haiwezekani.

Ninachosikiliza ni simulizi na taarifa za redio, kwaya, taarabu na dansi la miaka ya 1970. Chanzo ni laptop na simu. Kilichopo sasa ni sabufa yenye vispika viwili vya plastiki. Ikifunguliwa inapendeza, lakini ukishusha sauti mtangazaji anasikika kama yuko ndani ya pipa, na "s" na "sh" zinachoma. Gitaa la solo lipo, la ridhim limepotea kabisa.

Bajeti ni laki sita, ikipungua heri. Besi ya kutikisa dirisha siihitaji. Ninunue nini, au nitengeneze? Naomba kuwasilisha.

Fundi_SIDO

Mkuu, tuanze na sababu, maana ukibadilisha spika bila kuijua utarudi hapa hapa na malalamiko yale yale.

Mwanamume anapoongea, sauti yake ya msingi iko kati ya Hz (mitetemo kwa sekunde) 85 na 180 hivi. Mwanamke ni kama 165 hadi 255. Juu ya hapo ndipo zinakaa irabu, na zile konsonanti zinazokuwezesha kutofautisha neno na neno ziko zaidi kati ya Hz 2,000 na 5,000. Sasa kwenye sabufa ya kawaida, vispika vya inchi 2.5 au 3 ndani ya plastiki nyepesi haviwezi kushuka chini ya Hz 150 au 200. Kilichobaki kinapelekwa kwenye boksi la chini. Maana yake mtangazaji wako amekatwa vipande viwili: kifua kiko sakafuni chini ya meza, mdomo uko mezani. Ndiyo hiyo sauti ya pipa. Na "s" inachoma kwa sababu koni ndogo ya karatasi inalazimishwa kutoa hadi sauti za juu kabisa bila twita (kispika cha sauti za juu), plastiki nayo inatetemeka pamoja nayo.

Kwa hiyo unachotaka ni boksi moja linalobeba sauti yote ya mtu: bufa ndogo (spika ya sauti nene na za kati) ya inchi 4 au 5 na twita ya kitambaa, boksi la mbao au MDF, krosova (kigawa sauti kati ya bufa na twita) ikigawa kwenye Hz 2,000 hadi 3,000. Sabufa usiiunganishe kabisa.

Kuhusu wati, usidanganywe na PMPO, zile wati nyingi za matangazo zilizoandikwa kwenye boksi. Fanya hesabu. Spika ya kawaida ya ukubwa huo inatoa desibeli 85 kwa wati 1 ukiwa mita 1. Ukisogea hadi sentimita 80 unaongeza 2, spika zikiwa mbili ongeza 3 hivi, jumla 90. Usiku unasikiliza kwenye desibeli 65. Tofauti ni desibeli 25, yaani wati 0.003. Hata ngoma ikipiga ghafla desibeli 20 juu ya hapo, unahitaji wati 0.3. Ampi ya wati 10 inakutosha na kubaki.

Kinachokuumiza wewe siyo uhaba wa wati, ni kelele ya ampi yenyewe: ile "shhh" inayotoka kwenye twita hata bila muziki. Aliyekaa mita 3 haisikii, aliyekaa sentimita 80 saa sita usiku anaisikia muda wote. Spika zenye ampi ndani hutofautiana sana hapo, na zipo monita (spika za studio) zinazosifiwa kila mahali ambazo kwa karibu zinachosha kwa sababu hiyo tu. Ukienda kununua, nenda asubuhi mapema kabla soko la Mwanjelwa halijachangamka, omba washe bila kuchomeka chochote, weka sikio sentimita 50 mbele ya twita. Ukiisikia dukani, nyumbani itakuwa mara mbili.

Jambo la pili ambalo watu hawaliangalii ni kitufe cha sauti. Vile vya bei ndogo, ukivizungusha kidogo tu kutoka mwanzo, upande mmoja unafunguka kabla ya mwingine, na mwimbaji anahamia kushoto au kulia. Zungusha kitufe hadi kupita robo ya mzunguko, kisha punguza kwenye laptop.

Kwa majina: Edifier MR4 (bufa ya inchi 4, twita ya hariri ya inchi 1) ingekuwa chaguo langu la kwanza kwa kazi hii. Edifier R1280T ina bufa ya inchi 4 pia na twita ya milimita 13, na vitufe vya besi na trebo viko ubavuni, jambo linalosaidia usiku. Yamaha HS5 ni ya inchi 5, sauti ya kati iko wazi sana lakini haina huruma na rekodi mbaya. Nyuma ina swichi ya kupunguza sauti za chini desibeli 2 au 4, na nyingine ya sauti za juu. Ukiiweka karibu na ukuta hiyo ya kwanza utaihitaji.

Gangilonga_77 (Iringa)

Kamwene wakuu. Fundi amesema vizuri, ila kwa umbali huo mahali utakapoziweka panabadilisha sauti kuliko tofauti kati ya MR4 na HS5. Mkuu hajasema anaziweka wapi, lakini nabashiri ni juu ya meza, na meza imesukumwa ukutani.

Meza ni adui. Chukua mfano: twita iko sentimita 15 juu ya meza, sikio lako sentimita 40 juu ya meza, na kati yenu kuna sentimita 75. Sauti inayokuja moja kwa moja inasafiri sentimita 79. Ile inayogonga meza kwanza inasafiri 93. Tofauti ni sentimita 14, na kwa kasi ya mita 340 kwa sekunde mawimbi hayo mawili yanafutana karibu na Hz 1,200. Hapo ni katikati kabisa ya sauti ya mtu. Unaweza kununua spika za milioni tatu na shimo hilo likabaki.

Kuziinua kwa tofali hakuliondoi shimo, kunalihamisha. Ukiinua kwa sentimita 20, linashuka hadi Hz 550 hivi. Blanketi zito lililokunjwa hadi sentimita 3 au 4 juu ya meza linasaidia zaidi kwenye sauti za juu, kwa hiyo kama lazima utumie meza, acha spika chini, ziinamishe nyuma kidogo twita zikutazame usoni, na tandika blanketi. Pa kutandika panapatikana hivi: laza kioo mezani, kaa kwenye kiti chako, mtu asogeze kioo hadi uione twita ndani yake. Hapo ndipo sauti inapogonga.

Lakini wewe unasikiliza tu, huandiki. Basi achana na meza. Tafuta stuli mbili ndefu, au mwambie seremala akutengenezee vigoda viwili vyembamba, twita ifike sentimita 95 hadi 110 kutoka sakafuni, sawa na sikio ukiwa umekaa. Sasa kinachobaki ni sakafu. Sauti inayogonga sakafu inasafiri sentimita 220 hivi wakati ya moja kwa moja inasafiri 80, inafika ikiwa dhaifu kwa zaidi ya desibeli 8, na kufutana kunaanzia kwenye Hz 120 badala ya 1,200. Weka mkeka au zulia pale katikati upate na utulivu wa vigae.

Kwa ukuta wa nyuma ya spika: gawanya 340 kwa mara nne ya umbali kutoka ukutani hadi uso wa spika. Sentimita 40 inakupa Hz 212, pabaya sana, ndimo sauti ya mtu inapopita. Mita 1 inakupa Hz 85, na sauti inayorudi imeshachoka. Chumba chako kina mita 3.6. Weka spika mita 1 kutoka ukuta wa mbele, masikio yako yawe kwenye mita 1.8. Wapo watakaokuambia usikae katikati ya chumba kwa sababu besi inapotea hapo. Ni kweli, kwa urefu huo inapotea kwenye Hz 47. Spika ya inchi 4 huko haifiki, na jirani atakushukuru.

Umbali kati ya spika na spika uwe sawa na umbali wa kila spika hadi kichwani kwako. Pima kwa kamba, siyo kwa macho. Kwa umbali huu mdogo, kosa la sentimita 3 linatosha kumhamisha mwimbaji.

Mbao_Mufindi

Kwa aliyeuliza "au nitengeneze": kwa laki sita unaweza kutengeneza kitu ambacho kwa sauti ya mtu kinashindana na vya dukani, ilimradi ukubali kukosa besi. Sababu ni kwamba spika moja ya inchi 3 inayotoa masafa yote haina krosova katikati ya sauti ya mtu. Kila neno linatoka sehemu moja, na kwa anayekaa sentimita 80 hilo lina maana kubwa. Twita na bufa zilizoachana sentimita 12 hazijaungana vizuri ukiwa karibu hivyo.

Boksi lifungwe kabisa, bila tundu la hewa. Wahandisi wa BBC walipobuni spika ya LS3/5A miaka ya 1970 kwa ajili ya magari ya matangazo, walitumia boksi dogo lililofungwa la lita 5 hivi, mbao nyembamba za plaiwudi zilizobandikwa vitu vya kunyonya mtetemo, na waliipima kwa sauti ya mtu anayeongea. Ile ina bufa na twita za kampuni ya KEF, lakini wazo la boksi ni lile lile.

Kwa inchi 3, ohm 8, lita 2.9 zinatosha spika nyingi za aina hiyo. Vipande kwa boksi moja, plaiwudi ya milimita 12: viwili vya sentimita 13.4 kwa 22.4 (mbele na nyuma), viwili vya 13 kwa 22.4 (ubavuni), viwili vya 11 kwa 13 (juu na chini). Plaiwudi nzuri inapatikana Mafinga. Usitumie ubao mtupu wa paina hata kama ni wa bei rahisi, kwa sababu unavimba masika na kusinyaa Julai, viungo vinaachia, na boksi linalovuja linatoa mluzi kila besi inapopiga.

Gundi ya mbao, kaza kwa klampu au kamba hadi kesho yake. Tundu la spika kata kwa kipimo cha spika uliyo nayo mkononi, siyo ulichosoma mtandaoni. Kisha kwa nyuma ya tundu hilo chonga ukingo kwa tupa uwe mshazari wa nyuzi 45. Watu wengi wanaruka hatua hii. Ubao wa milimita 12 nyuma ya spika ndogo unafanya handaki fupi, hewa ya nyuma ya koni inabanwa, na sauti ya kati inakuwa ya puani.

Ndani, bandika kwenye kuta mbili za ubavuni utepe wa lami, ule wa kuzibia mabati yanayovuja. Jaza gramu 30 za pamba ya mito, uivuruge vizuri isiwe donge. Sufi nayo inafaa ila vumbi lake linaingia kwenye koili ya sauti, ifunge kwanza ndani ya kipande cha chandarua. Tundu la waya liziba kwa silikoni, na uiache siku nzima ikauke kabla hujaweka spika, kwa sababu ile inayonuka siki inatoa mvuke unaokula shaba.

Skrubu: toboa matundu madogo kwanza, na ukikaza shika bisibisi kwa mikono miwili. Sumaku inaivuta, ikiteleza imepita kwenye koni.

Kisha kuna jambo la lazima. Boksi lenye upana wa sentimita 13.4, likiwa mbali na ukuta kama alivyosema Gangilonga, linapoteza nguvu taratibu chini ya Hz 860 hivi kwa sababu sauti nene zinazunguka boksi na kwenda nyuma. Usiporekebisha, sauti itakuwa nyembamba na ya kukaripia. Weka kwenye waya wa chanya koili (waya uliosokotwa) ya mH (milihenri) 0.7 na rezista ya ohm 3.9, wati 5, vikiwa sambamba. Hiyo inashusha sauti za juu kwa desibeli 3.5 hivi. Kama lazima spika zikae karibu na ukuta, tumia ohm 2.2, inashusha 2 tu.

Koili huna haja ya kuagiza. Nenda kwa mafundi wa kusuka mota, nunua mita 18 za waya wa shaba wa milimita 0.8, sokota mizunguko 175 kwenye bomba la plastiki lenye kipenyo cha milimita 25, upana wa kusokotea milimita 20. Utapata mH 0.7, kosa dogo halidhuru. Kwangua rangi ya waya kabla ya kulehemu, la sivyo risasi haishiki na utadhani spika imekufa.

Fundi_SIDO

Mbao_Mufindi ameeleza vizuri, napingana naye kidogo tu. Inchi 3 ya masafa yote karibu kila moja ina mwinuko kati ya Hz 5,000 na 8,000, koni inapoanza kujikunja, na mkuu ameshalalamika kuhusu "s". Usizielekeze moja kwa moja masikioni. Zigeuze kidogo nje, kama nyuzi 10 hadi 15, hadi "s" ya mtangazaji itulie. Na kwaya ya watu arobaini kwenye inchi 3 inajibana, hata kwa sauti ya chini. Kwa simulizi na gitaa sawa. Kwa kwaya ningebaki na inchi 4 yenye twita.

Kabwe_Usiku (Mbeya)

Nashukuru sana wakuu. Stuli nimezikubali. Maswali mawili. Moja: hapa kuna mtu anauza maboksi ya mtumba ya mini hi-fi kutoka nje, mbao kabisa, yanafaa? Pili: nikichomeka chaja ya laptop, kwenye sabufa kunakuwa na muungurumo na vijisauti kama vya mdudu ndani ya redio. Hilo litahamia kwenye spika mpya?

Tunduma_Mpakani

Ya mtumba yanafaa ukiyakagua. Nenda na mita na betri moja ya AA. Toa kitambaa, tazama ringi inayozunguka koni. Ikiwa ya sponji, iguse. Ikimeguka achana nayo. Ya mpira inadumu. Sukuma koni taratibu kwa vidole viwili pande zote, usikie kama inakwaruza. Mita kwenye waya: spika ya ohm 8 isomeke 5.5 hadi 7, ya ohm 6 kama 4.5 hadi 5. Ikisoma kitu tofauti kati ya kushoto na kulia, koili moja imeungua.

Betri: chanya kwenye chanya, gusa mara moja, koni iruke nje. Fanya kwa zote mbili. Moja ikiingia ndani, nyaya zimegeuzwa na sauti ya mwimbaji haitakaa katikati, itaenea kama haina mahali.

Kasoro ya kawaida ya maboksi hayo ni kwamba bufa haina koili kabisa. Twita imewekewa kapasita moja tu, bufa inapiga hadi juu na kugongana nayo, ndiyo maana sauti inakuwa kali. Koili ya mH 0.4 hadi 0.5 kwenye chanya ya bufa inatuliza. Kapasita ya zamani ya elektroliti ibadilishe kwa ya filamu yenye µF ile ile. Na usishangae ukikuta "twita" ya tatu ni pambo tu, haina waya nyuma.

Gangilonga_77 (Iringa)

Muungurumo: chomoa chaja, laptop itumie betri. Ukikoma, tatizo ni njia ya ethi kati ya chaja na ampi, na litahamia kwenye spika yoyote yenye waya. Chomeka vyote viwili kwenye ekstensheni moja kwanza. Ukibaki, weka kile kitenganishi kidogo chenye transfoma ndani kwenye waya wa sauti, ila vya bei ya chini kabisa vinakula besi. Njia rahisi zaidi ni adapta ya USB ya sauti, lakini hiyo inaondoa vijisauti vya laptop kuliko muungurumo wenyewe. Simu isiyochomekwa kwenye chaja haina tatizo hilo.

Na kwa kuwa utasikiliza chini: sikio lenyewe hupoteza besi sauti ikishuka. Fletcher na Munson wa Marekani walilipima hilo mwaka 1933. Kwenye laptop weka Equalizer APO, programu ya kurekebisha sauti, ni ya bure. Inua desibeli 3 chini ya Hz 120, kwa mteremko laini. Basi. Ile ikwalaiza ya kuinua pembe zote mbili na kubonyeza katikati ndiyo inayomfukuza mpiga ridhim. Trebo usiiguse.

Mvua ikianza kupiga bati Januari hakuna spika wala ikwalaiza itakayokusaidia, hapo ni hedifoni.

Fundi_SIDO

Ukitumia kuinua huko kwa APO, kumbuka pia kushusha sauti ya jumla ndani ya programu kwa desibeli 3, ile sehemu ya "Preamp". Usiposhusha, rekodi zilizojaa hadi juu zitakwaruza na utamlaumu aliyekuuzia spika.